Nyimbo za Mbuzi za Senge Rosa

Juzi nilikuwa nimekaa katika hoteli moja mjini Kisumu nikingoja chai, na kwenye meza ya pembeni mtoto mmoja akachukua kijiko, akaanza kukikwaruza kwenye chupa ya soda, zile za zamani zenye mifereji ubavuni. Krr-krr, krr-krr. Mama yake akamwambia aache, anasumbua watu. Mimi nilitamani amwache kidogo tu. Maana kabla chai yangu haijafika nilikuwa nimesharudi Malaba, miaka ya sabini, nimekalia kreti lililopinduliwa nyuma ya jiko la senge wangu, vumbi la malori likielea kwenye jua la saa tisa kama unga unaopepetwa, na Ouma fundi wa baiskeli akiikwaruza chupa yake kwa msumari, macho ameyafumba kama mtu anayekunwa mgongo.

Senge ni shangazi, kwetu sisi watu wa Bukhayo. Huyu aliitwa Rosa Nafula, dada mdogo wa baba yangu. Alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, pale malori yalipopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Aliuza chai, chapati, maharagwe, na siku za Ijumaa omena, yaani dagaa. Baba alikuwa karani kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo forodhani, na mimi na yeye tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya hoteli hiyo ili nisome shule ya karibu. Mama na wadogo zangu walibaki Bukhayo na shamba. Kwa hiyo ni senge aliyenisuka nywele, ni senge aliyenitoa funza, na ni sauti ya senge niliyoisikia asubuhi kabla sijafumbua macho, akiimba polepole huku anakanda unga.

Ukitaka kujua sauti yake ilikuwaje, fikiria maji yanayomiminwa kutoka mtungi hadi mtungi na mtu asiye na haraka. Haikuwa kubwa. Madereva waliokuwa wakibishana juu ya mipira ya magari walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Alikuwa na gitaa alilolinunua kwa utingo mmoja, taniboi wa Mombasa, lenye ufa uliozibwa kwa lami, na kila Jumapili mchana, akishamaliza kuosha sufuria, alivua aproni, akakaa kwenye stuli mlangoni, Ouma akaja na chupa yake, na watu wakajaa. Waliofika mapema walikaa kwenye mabenchi, waliochelewa wakakaa juu ya magunia, na wengine walibaki kwenye vichwa vya malori yao, miguu ikining'inia madirishani.

Nyimbo zenyewe zilikuwa ndefu, za taratibu, za kusimulia. Na zilikuwa na mambo ya ajabu. Wimbo ungeanza vizuri, juu ya mvua na njia na mtu aliyeondoka, halafu ghafla ungesikia:

Mbuzi wa sikio moja amezaa mapacha,
mlango wa jikoni tumeutia bawaba mpya,
yule bibi wa miwani anakula vizuri sasa.

Hapo wimbo ungerudi tena kwenye mvua na njia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi niliona ni sawa kabisa. Kwa mtoto, mbuzi kuingia kwenye wimbo wa mapenzi si jambo la kushangaza, mbuzi huingia kila mahali.

Siku moja mwenye studio mmoja wa Nairobi alipita Malaba akienda kutafuta wanamuziki, gari lake likaharibika, akala chapati kwa senge akamsikia. Mwezi uliofuata senge na Ouma walipanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu, wakaenda Nairobi, wakarudi weupe kwa vumbi la saruji na santuri moja iliyofungwa kwenye gazeti. Kabla ya Krismasi wimbo ule ulikuwa ukipigwa katika kila baa kutoka Bungoma hadi Busia. Ukipita Bumala siku ya soko uliusikia upande huu wa barabara ukauacha, ukaukuta upande wa pili ukiwa umefika ubeti wa mwisho. Wanawake wa Funyula walimnunulia leso. Dereva mmoja alichora jina lake nyuma ya lori, Rosa wa Malaba, kwa rangi nyekundu. Santuri ya pili ikatoka, na ya tatu.

Lakini kila Jumapili saa nane palikuwa na kipindi cha redio cha santuri mpya, na mtangazaji wake, mtu mwenye sauti nzito ya kusoma sana, hakumpenda. Tulimwita Bwana Koo. Tuliweka mawe mapya, yaani betri, kwenye redio kwa ajili yake tu, na hoteli nzima ilinyamaza kumsikiliza akituchoma.

"Huyu dada wa mpakani ana sauti ya asali," alisema siku moja, "lakini anatuimbia zizi. Wimbo wa kwanza mbuzi. Wa pili ng'ombe. Leo ametuletea kuku mweupe aliyeangua. Wasikilizaji, nawaomba subira, bado hatujafika kwa bata."

Madereva walilaani. Senge alicheka mpaka akashika ukuta. "Bata," alisema. "Mimi sikuwa nimemfikiria huyo bata."

Aliyeumia ni baba. Baba alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi ya makaa hata siku ya kazi. Ofisini wenzake walimlilia kama mbuzi akipita. Jioni alikuja akasimama jikoni na kofia mkononi.

"Rosa, Mungu amekupa sauti. Kwa nini huimbi kitu chenye maana?"

"Kina maana, kaka."

"Kuku mweupe ameangua, mtoto haogopi ngurumo tena. Hiyo maana yake nini?"

"Maana yake kuku ameangua," senge alisema, akampakulia chakula.

Maana yake niliijua mimi kwa bahati, siku za likizo. Nilikuwa nimekaa kwenye lile kreti langu nikichambua maharagwe. Mchana ulikuwa mtulivu, foleni haisogei, hata nzi walikuwa wamechoka. Aliingia kijana mmoja mwembamba, amevaa koti kubwa kuliko yeye na viatu visivyofanana. Aliagiza chai. Alipoletewa hakuinywa. Alikizungusha kikombe, akakizungusha tena, halafu akamwambia senge kwa Kiswahili cha upande wa pili, akichagua neno moja moja:

"Nnyabo, mimi nimesikia mtoto haogopi ngurumo tena."

Senge alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai.

"Umesikia wapi?"

"Kule Mbale. Redio ya jirani. Huyo mtoto ni wangu. Ngurumo ikipiga alikuwa anaingia ndani ya shati yangu." Akakizungusha kikombe tena. "Na kuku mweupe ni ya mama."

Senge alinigeukia. Alinituma mbio hadi nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli, kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amevuka kutoka upande wa Tororo na mjukuu, akawa anaponea kufuma mikeka. Nilimjua kwa sura tu. Aliwahi kuja jikoni kwetu akazungumza na senge kwa muda mrefu, mlango umeegeshwa, nami nilidhani wanazungumza habari za kuku, kwa kuwa neno hilo ndilo lililopenya. Nilipomwambia anaitwa hotelini, kwamba kuna mtu anayemjua kuku, aliinuka na ule mkeka aliokuwa akiufuma, akatembea nao hivyo hivyo, ukiburuta nyuzi zake barabarani. Mtoto alitangulia.

Sitawaeleza jinsi walivyokutana. Sikuona vizuri, madereva wakubwa walisimama mbele yangu, na nilipofanikiwa kupenya niliona tu yule kijana amepiga magoti sakafuni, na mtoto amesimama mbali naye, anamkagua, kama anayehesabu mabadiliko. Senge hakuwapo. Nilimkuta nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu. Ilikuwa safi tayari. Aliendelea kuisugua.

Siku hiyo aliniambia, kwa sababu nilikuwa nimeona na haikuwa na faida tena kunificha. Upande wa pili, alisema, mambo yalikuwa yameharibika. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani. Mtu akitajwa jina redioni kwamba jamaa zake wa Kenya wanamtafuta, asubuhi mlango wake ungeweza kugongwa na watu asiowajua. Watu walikuwa wamejificha kwa marafiki, mashambani, katika miji isiyo yao. Lakini wimbo si barua. Na mbuzi wa sikio moja hakamatwi na askari yeyote. Anayemjua atamjua, na asiyemjua atacheka.

"Kwa hiyo wewe ukicheka na Bwana Koo," nikamuuliza, "unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu anafanya kazi yangu," alisema. "Anarudia maneno yote polepole, mara mbili. Hata aliyekuwa hasikii vizuri atasikia."

Baada ya hapo nilizisikiliza nyimbo zile kwa namna nyingine. Zikawa zimejaa watu. Senge akiimba juu ya mwavuli mweusi uliorudishwa, nilimwona mtu mahali fulani gizani akiacha kutafuna. Akiimba juu ya mahindi yaliyochomwa kwa ajili ya fulani na hakuja, nilitaka kujua kama huko aliko alisikia harufu. Usingizini niliota redio moja kubwa imewekwa katikati ya mto Malaba, maji yakiipita pande zote, na watu wasio na nyuso wameinama ukingoni wakisikiliza. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto mwenye siri ya mtu mzima, na niliitembeza shuleni kama nimebeba ndoo iliyojaa.

Si kila wimbo uliitikiwa. Wengi walikuja jikoni na habari zao za ng'ombe na za milango, wakaimbiwa, wakangoja, na hakuna aliyekuja kuzungusha kikombe mezani. Hao walirudi wakaagiza chai kama kawaida, na senge hakuwatoza. Niliona jinsi walivyobadilika. Kabla ya wimbo walikuwa na wasiwasi, wakizungumza sana. Baada ya wimbo, miezi ikipita, walikuwa kimya, na walikaa wakitazama mlango.

Mwenye studio alirudi mara moja, na gari jipya. Alikuja na mashairi yaliyoandikwa na mwalimu wa chuo, mazuri kweli, baba aliyasoma akatikisa kichwa kwa raha. Alimtaka senge aimbe hayo, bila mifugo. Angemtangaza magazetini, angempeleka kuimba katika kumbi kubwa, hata yule mtangazaji angesalimu amri.

"Sauti yako ni ya ukumbi, mama," alisema. "Hizi ng'ombe zako zinakurudisha zizini. Toa hizo ng'ombe."

"Si zangu, boss," senge alimjibu. "Za watu siwezi kutoa."

Mwenye studio alimtazama baba kuomba msaada. Baba alijaribu, alijaribu sana, akafikia kumwita mpumbavu mbele ya mgeni, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilifanya tena maishani. Yule mtu aliondoka akisema atabaki kuwa mwimbaji wa mataniboi basi. Baba alikula chakula chake chumbani kwa muda mrefu baada ya hapo, nikimpelekea sahani. Hakuwa anajua habari ya wale watu. Senge alikuwa amenikataza kumwambia, kwa sababu baba alikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi huulizwa maswali.

Sasa nimfikie Wabwire.

Senge alikuwa na mume. Kila mtu Malaba alilijua hilo. Wabwire alikuwa Msamia wa upande wa Uganda, dereva, mtu mrefu mcheshi aliyeweza kupiga mluzi sauti mbili kwa pamoja. Mwaka mmoja kabla mimi sijaja kuishi pale alivuka kwenda kumzika baba yake, akasema atarudi akishamaliza matanga. Hakurudi. Koti lake la mvua lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa senge, na kila alipofuta vumbi alilifuta koti pia, kama kabati.

Kwa akili yangu jambo lilikuwa rahisi. Jumapili moja, watu hawajaja, nikamwambia, "Senge, si umwimbie baba Wabwire pia? Umwimbie koti."

Alikuwa akikaza nyuzi za gitaa. "Wabwire hawezi kuingia kwenye wimbo," alisema. "Jina lake linavunja mdundo."

Ouma alikuwa pale, na Ouma alikuwa fundi, mtu asiyependa kusikia kwamba kitu hakiwezekani. Akachukua msumari wake. Krr-krr, Wa-bwi-re, krr-krr, Wa-bwi-re. Likaingia vizuri kabisa. Lilikaa kwenye mdundo kama mguu kwenye kiatu chake. Akatabasamu, akaanza tena, na senge akanyoosha mkono akaichukua ile chupa kutoka kwake, bila hasira, akaiweka chini ya stuli.

"Leo tumefunga, Ouma," alisema.

Hatukuimba Jumapili ile. Madereva walikuja wakakuta mlango umerudishwa, na gitaa liko kitandani.

Miaka ilipokaribia kuisha, ile ya sabini, vita vya upande wa pili vikaja vikapita. Mpaka ulifunguka. Kwa wiki nyingi watu walipita mbele ya hoteli yetu kila saa ya mchana, wanaorudi kwao na wanaotoka kwao, wamebeba magodoro, vyerehani, watoto, milango iliyong'olewa. Yule mama wa mikeka alirudi Tororo na mwanawe na mjukuu, akatuachia kuku mmoja mweupe. Senge alihamishia meza yake ya chapati nje, mbele kabisa ya barabara. Alisema ndani kuna joto. Alikanda unga akiutazama ule msafara, na mikono yake ilijua kazi yenyewe.

Msafara ulipungua. Ukawa watu wachache, kisha ukawa wafanyabiashara wa kawaida. Ndipo senge alipoirudisha meza ndani, akachukua gitaa, akatunga wimbo. Hakukuwa na mnyama hata mmoja. Alimwita kwa jina lake lote, Wabwire, mwana wa fulani, wa ukoo fulani, akamwambia njia iko wazi. Ni hilo tu, beti kwa beti, njia iko wazi. Walienda Nairobi na Ouma kwa nauli yao wenyewe, mwenye studio akaurekodi kwa kusitasita.

Jumapili yake ilipofika tulijaa hotelini hadi dirishani. Baba alikuja amevaa tai. Wimbo ukapigwa, na ulipoisha Bwana Koo hakusema kitu kwa muda, hata tukadhani mawe yameisha. Kisha akasema, kwa sauti isiyo ya mzaha:

"Wasikilizaji, mimi nimemcheka dada huyu miaka mingi. Leo naomba radhi. Hatimaye Rosa wa Malaba ameimba wimbo. Tutaurudia."

Na akaurudia. Hoteli ilipasuka kwa vigelegele. Baba alilia waziwazi, akawanunulia watu wote soda, akamkumbatia Ouma. Senge alikuwa amesimama kando ya jiko. Alingoja kelele zitulie, akaniambia, "Punguza redio kidogo, mwanangu, chai inamwagika," nami niliitazama chai na haikuwa ikimwagika.

Wimbo ule ulipigwa kila mahali, kila siku, pande zote mbili za mpaka, hadharani, bila mtu kuogopa. Magazeti yaliandika. Yule mwenye studio alikuja mwenyewe na mkataba. Lakini senge hakutunga tena. Miezi ikaenda, akawa anakaa kwenye lile benchi la ukutani walikokaa wale wengine, kikombe mbele yake, anatazama mlango. Mwaka uliofuata alimpa Ouma gitaa. Watu walisema maringo, amesifiwa mara moja akaona amemaliza. Baba alisema ni uvivu. Mimi nilidhani amechoka tu, maana watoto huamini kuwa watu wazima wakiacha jambo ni kwa sababu wamechoka.

Nilimwelewa miaka mingi baadaye. Nilikuwa nafanya kazi mbali, nikapata habari nusu nusu kwamba baba amezidiwa. Nilikaa na simu mkononi, namba ya hospitali iko mbele yangu, na sikupiga. Nilipika chai. Nilifagia nyumba. Nilipanga vyombo. Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote bado, na kwa muda ule wote ambao sikuwa nimeuliza, baba alikuwa hai, anakohoa kitandani, anadai suruali yake ipigwe pasi. Nikiwa nimesimama pale na ufagio, nikamwona senge Rosa waziwazi, akinyoosha mkono kuichukua ile chupa kutoka kwa Ouma.

Aliwaitia watu wote wapendwa wao, akawatazama wakingoja, na alijua kuliko mtu yeyote Malaba jinsi ukimya unavyokuwa baada ya kuita. Kwa hiyo miaka yote ile hakumwita wake. Na miaka yote ile Wabwire hakuwahi kukosa kuitika.